Nyusi za Gari la Rongai

Lanet, Nakuru
Jumanne jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikufikie ukiwa umeketi, si ukiwa shambani na jembe mkononi, maana nataka uisikie yote. Goti linaendeleaje? Daktari alikwambia upunguze kupanda ule mlima na najua hujapunguza. Je, mvua imeshuka huko Wundanyi, au bado mnatazama mawingu yakipita tu? Sisi huku tu wazima. Mkamburi alikuwa na mafua kidogo, yamekwisha, sasa anakula hata sabuni ukimwachia.

Mshai mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mahali hata ukiona nimeongea kwa ukali. Mama akianza kulia ngoja amalize, ndipo uendelee.

Mama, ningepiga simu, lakini kwa simu huwa unanishinda. Ukinyamaza kidogo tu mimi nakubali kila kitu, kama nilivyokubali wiki iliyopita kwamba uje Jumamosi hii umchukue mtoto. Tangu nikubali sijatulia. Nafua nguo ambazo ni safi. Nainuka, nakaa, nainuka tena nimesahau niliinukia nini. Hata barua hii nimeianza mara tatu, na katikati yake nimepanga vyombo, nimevipangua. Upepo wa huku nao hausaidii, unapiga mabati mchana kutwa na vumbi linaingia hadi kwenye unga. Sasa mtoto yuko sakafuni anacheza na vifuniko vya sufuria, nami nimeupa mlango mgongo ili nisipate sababu ya kutoka.

Ulisema, "Mtoto si spana, Wakesho, usimzungushe gereji." Leo ninalo jibu, lakini halitaeleweka mpaka nikueleze habari ya gari moja.

Unajua kazi yangu, ingawa Mshai anawaambia watu mimi ni makanika. Injini siijui. Mimi ni wa bodi, na hasa faiba. Ni kama kitambaa cha nyuzi nyeupe, unakilaza juu ya umbo unalolitaka, unakipaka dawa, na kikikauka kinakuwa kigumu kama kibuyu. Halafu unapiga msasa mpaka mikono inawasha. Ile dawa inanuka vibaya, hilo nalikubali mbele yako. Ndiyo maana nikiichanganya mimi Mkamburi hukaa mbali, kule getini kwa mama anayetuuzia chai.

Basi kuna mkulima wa mahindi wa huko Rongai, Mzee Kiprono, ana gari ndogo ya zamani ya taa za mviringo. Aliinunua kabla mimi sijazaliwa na hajawahi kuiacha inyeshewe. Binti yake alikuwa anaolewa, na mzee akataka ampeleke bibi harusi kanisani na gari iliyopanuliwa kama zile za mashindano alizokuwa akizitazama ujanani, amesimama kando ya barabara, matope hadi magotini. Alitaka rimu pana. Na rimu zikiwa pana, tairi linatokeza nje ya bodi, kwa hiyo juu ya kila gurudumu lazima ufunge kipande cha kulifunika. Vijana wa hapa wana jina la Kizungu la vipande hivyo. Mimi naviita nyusi, kwa sababu vinakaa juu ya gurudumu kama nyusi juu ya jicho, na sasa gereji nzima inasema nyusi. Mbele, chini ya bampa, alitaka spoila, ile kama kidevu kinachokaribia kugusa ardhi.

Siku walipoileta, mkewe, Mama Cheruto, hakuficha maoni yake.

"Bibi kizee anapakwa wanja," alisema.

"Nyamaza," mzee akamwambia. "Wewe nilikuoa na hiyo miguu yako, nikalalamika?"

"Ungelalamikaje na ulikuja kuniposa kwa miguu? Gari ilikuwa wapi?"

Mzee alicheka mpaka akashika boneti ya gari. Mimi niliwapenda wote wawili siku hiyo hiyo.

Mwenye gereji, Baba Wairimu, alinipa kazi yote ya faiba. Mama, ilikuwa mara ya kwanza kupewa gari kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaniamuru nipime gari ikiwa juu ya mawe, kama tunavyofanya siku zote, tairi zikining'inia, ndiyo upate nafasi ya kuingiza mikono. Nikapima hivyo. Mkamburi alikuwa na yale mafua, hakutaka kushuka, kwa hiyo nilipima naye mgongoni. Nilitengeneza nyusi nne, nikazikaza kwa riveti, nikabandika ukanda wa mpira pale zinapokutana na bodi, na kidevu nikakifunga kwa bolti imara kabisa. Rangi ilipokauka hata Otieno, yule mnyoosha bodi ambaye hasifu kitu, alizunguka gari mara mbili akasema, "Wewe Mpwani, hii umeua." Huku wananiita Mpwani, Mama, na ufuo wa bahari nimeuona kwenye kalenda tu.

Jumapili mzee akaenda nayo kanisani. Jumatatu asubuhi akairudisha, na hakushuka akicheka.

Nyusi moja ya nyuma ilikuwa imepasuka katikati. Ile ya upande wa pili ilikuwa imeliwa na tairi kama hindi bichi. Kidevu kilikuwa nyuma, ndani ya buti ya gari, vipande viwili.

"Ilianza kulia tulipotoka kanisani," mzee alisema. "Nikadhani ni mama mkwe wangu anaimba."

"Mlikuwa wangapi ndani?" nikamuuliza.

"Kawaida tu. Mimi, mama watoto, mama yake, dada zake wawili. Na gunia la viazi la mchungaji."

Hapo ndipo nilipojua, Mama. Tulipima gari ikiwa hewani, tupu, tukaifanyia nyusi za gari tupu. Na ni gari gani ya Rongai uliyowahi kuiona inatembea tupu? Ikijaa watu na viazi inalala chini, bodi inashuka juu ya tairi, na tuta la kwanza linachukua kidevu. Watu wazima watatu tuliizunguka gari ile wiki mbili nzima na hakuna aliyeuliza swali hilo. Nchi nyingine labda gari hubeba mtu mmoja na miwani yake ya jua. Sisi tulisahau sisi ni nani.

Lakini Baba Wairimu hakuona hivyo. Alinivuta kando, ingawa si mbali vya kutosha.

"Ulipima na mtoto mgongoni," akasema. "Akili ilikuwa mgongoni."

"Mzee, ulisema nipime kwenye mawe."

"Mimi ndiye nilikuwa na mtoto?"

Nusu yake ni kweli, na nusu ya kweli inauma kuliko uongo mzima. Akaniambia nirekebishe kabla ya harusi, na harusi ilikuwa Jumamosi, kisha akaongeza, "Na huyu mtoto ana nyanya, ama hana?" Ndiyo ile siku ulipopiga simu jioni, ukanyamaza, nikakubali.

Nilimwomba Mzee Kiprono jambo ambalo lilimfanya anitazame kama nimelewa. Nilimwambia alete watu. Wale wale, wakae kwenye gari nipime upya ikiwa chini, imebeba.

Wakaja Jumatano wamevaa nguo za kanisani. Sijui kwa nini, labda walidhani ni sherehe. Mama mkwe wa mzee, bibi wa miaka mingi na kitambaa cha manjano kichwani, aliwekwa katikati nyuma, huku mabinti zake wawili wakimbana kila upande. Mama Cheruto mbele. Mzee kwenye usukani, ingawa nilimwambia si lazima. Otieno akaanza kelele kama makanga wa matatu, "Mmoja wa haraka! Mmoja wa haraka twende!" Viazi hatukuwa navyo, tukaweka mawe ya gereji ndani ya buti.

"Sasa tunakaa tu hivi?" yule bibi akauliza.

"Mnakaa tu, shosho. Ukitaka unaweza kupumua."

"Na tunafika saa ngapi?"

Gari zima likacheka, na likitikisika hivyo siwezi kupima, nikawaomba wanyamaze kama watoto wa shule.

Mkamburi naye akataka kuingia. Mama Cheruto akampakata dirishani. Nikapiga magoti na chaki yangu, nikaingiza kichwa chini ya fenda, ile bodi inayofunika gurudumu, na mara nasikia juu, "Mama wapi?" Natoa kichwa. Anacheka na yale meno yake. Narudi chini. "Mama wapi?" Nilizunguka magurudumu manne, mzee akikata usukani huku na huku, na kila mara nikipotea mtoto anabadilisha dirisha, anakanyaga mapaja ya watu, mpaka anione. Hakulia hata mara moja. Alihitaji tu kujua niko upande gani.

Nilipomaliza, mgongo ulikuwa haunyooki. Mama Cheruto akanirudishia mtoto, akasema kwa upole kabisa, "Mpeleke kwa nyanya yake. Sisi sote tulipeleka wetu. Utapumzika." Na yule shosho wa nyuma akaitikia kama amina.

Unaona, Mama? Hakuna anayenisaidia kubishana nawe. Wote wako upande wako.

Kazi yenyewe niliifanya upya. Nilipandisha kila nyusi vidole viwili na nikaikunja midomo ya fenda kwa ndani ili isiwe kama kisu. Kidevu sikukifunga tena kwa bolti imara. Nilikifupisha, nikakining'iniza kwa vipande vya mpira mgumu, ule wa kukingia matope kwenye malori, ili kikigonga tuta kijikunje na kurudi. Otieno alisema kidevu kinachotikisika si kidevu, ni ndevu za mbuzi. Nikamwambia mbuzi hupanda milima yote na hajawahi kuvunjika ndevu.

Ijumaa mzee alichukua gari. Jumamosi yote nilikuwa kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Nilimpeleka Mkamburi sokoni, nikarudi bila nilichoendea. Kila gari iliyopita barabara ya Nairobi nilisikiliza tairi zake.

Jana alikuja, anapiga honi kutoka mbali. Gari ilikuwa na vumbi na riboni zimelegea, nyusi zote nne mahali pake, na kwenye kidevu kumenasa majani ya mahindi.

"Tulikuwa saba!" akapiga kelele. "Saba, na bibi harusi na gauni lake, ambalo peke yake ni watu wawili!"

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sitaisahau.

Sasa ndipo jambo lenyewe, Mama. Mzee alipoondoka, Baba Wairimu aliniita kwenye kile kibanda chake. Si mtu mbaya. Akaniambia kazi ya faiba inaongezeka, watu wameanza kuleta magari ya zamani hadi kutoka Naivasha, anataka mtu mmoja aisimamie, awe na kona yake na kijana wa kumsaidia, na mtu huyo ni mimi. Nikasikia joto kwenye masikio. Halafu akasema, "Umesema nyanya anakuja Jumamosi, sivyo? Basi kuanzia Jumatatu uko huru. Asubuhi mpaka giza. Nataka fundi kamili."

Nilisema asante. Nikatoka. Nilitembea mpaka getini, nikarudi, nikaenda tena mpaka getini. Mama wa chai akaniuliza kama nimepoteza kitu. Mkamburi alikuwa pale kwenye ndoo iliyopinduliwa, aliponiona akasema, "Mama huyu," akaendelea kula mandazi. Hakuwa na wasiwasi wowote. Mimi ndiye niliyekuwa nao wa watu wawili.

Naomba nikuambie kitu ambacho hatujawahi kukizungumza. Mshai, hapa pia soma.

Mimi nililelewa na Nyanya mpaka nikaingia shule. Nilishiba, nilipendwa, sina lawama. Wewe ulikuwa kwenye shamba la mkonge huko Mwatate, na bila mkonge nisingevaa viatu. Lakini uliponichukua, nilikuita shangazi. Watu walicheka na wewe ulicheka nao. Siku moja nilikukuta nyuma ya jiko unajipangusa uso kwa kanga, nikadhani ni moshi. Niliendelea kukuita shangazi mpaka wakati wa mavuno. Leo ndipo najua moshi ule ulikuwa nini. Sisemi ulikosea, Mama. Ulifanya ulichoweza. Nasema tu kwamba mimi naweza kingine, kidogo, na nisipokifanya nikiwa naweza, hapo nitakuwa nimekosea.

Kwa hivyo nilirudi kwenye kibanda nikamwambia Baba Wairimu mtoto haendi.

"Utamlea kwenye dawa?" akauliza.

"Hapana. Gereji hatakuja tena. Kuna mama pale mtaa wa Section 58, mjane, anakaa na watoto sebuleni kwake. Tangu wiki iliyopita nimeenda mara mbili bila kumwambia nakuja. Mara zote nilikuta mlango uko wazi na watoto wamelala safi. Lakini anafunga mapema, kwa hiyo saa kumi naondoka. Kila siku."

"Saa kumi? Saa kumi ndiyo rangi inakauka!"

"Inakauka hata nisipoitazama."

Alinyamaza kama wewe unavyonyamaza, Mama, na safari hii sikukubali. Nikashika meza. Mwishowe akasema, "Basi kona nitampa Otieno. Wewe utabaki kwenye faiba, chini yake. Siwezi kuwa na msimamizi anayeondoka jua likiwa juu."

Nikasema sawa. Iliniuma, sitakudanganya. Mpaka sasa inauma, kila nikikaa nainuka. Otieno hajui hata kuchanganya dawa, leo aliniuliza kofia ya chupa tunayopimia dawa inajazwa kiasi gani. Nilimfundisha, nifanyeje, na saa kumi nikanawa mikono nikaondoka. Alinipigia mluzi mpaka getini, "Msimamizi anatoroka!" Nikamwambia msimamizi ni yeye, mimi ni mama ya mtu.

Sasa sikia neno langu, Mama, nalisema kwa heshima na sitalibadilisha hata ukipiga simu ukanyamaza mpaka salio liishe. Mkamburi hatakuja Wundanyi Jumamosi. Ulikuwa na haki kuhusu gereji, na nimemtoa gereji. Sitamtoa kwangu. Siku nyingine nitashindwa, najua, atakula uji jioni kwa sababu nimechoka kupika, na nitamfokea kisha nijute. Lakini akiuliza mama wapi, nataka jibu liwe upande wa pili wa mlango.

Usifikiri ni Nakuru imenifundisha kiburi. Na usifikiri sitaki uje. Njoo. Njoo Jumamosi vile vile ulivyopanga, nitakupokea stendi, ukae hata mwezi, goti lipumzike huku kwenye tambarare. Nitakupa kitanda, mimi na mtoto tutalala chini. Umwimbie zile nyimbo za kwetu ambazo mimi nimezisahau katikati. Ila siku ya kurudi, utabeba mkoba wako peke yake, na tutakusindikiza sote wawili.

Nampa barua hii Mwakio, mtoto wa mjomba, anayeshuka kesho na lori la unga hadi Voi. Mwambie nashukuru, na asikupe habari zangu za kuongeza chumvi.

Nisalimie mjomba mwenyewe na ng'ombe wake mkorofi. Nisalimie shangazi anayeuza mboga kwenye kona ya kanisa, mwambie nimesikia amekwisha pata miwani na sasa hatapunjwa. Wanawake wa kwaya nao nawasalimu, na yule jirani yetu mzee wa kinu, kama bado anasikia. Mshai, soma vitabu vyako, na wewe mwenyewe usiharakishe mambo. Mkamburi hapa ameshika kalamu kwa nguvu, hivyo hiyo mistari iliyopindapinda chini ni yake, si tetemeko.

Mungu akulinde, Mama, na usinikasirikie kwa muda mrefu. Kidogo ni sawa.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda hata ninapokukatalia,

Wakesho,
mama yake Mkamburi